Robert Koch na Wanyama Waliomfunulia Maradhi

Mwezi huu twawasimulia habari za mganga mmoja ambaye jina lake hutajwa mara nyingi mashuleni na hospitalini, lakini mwendo wa maisha yake haujulikani sana kwetu. Na tuanze nyumbani, ndipo tufike kwake.

Hapa Mpui, ng'ombe akianguka ghafula malishoni, naye jana yake alikuwa akivuta jembe, na damu nyeusi isiyoganda ikimtoka puani, wazee wenye busara hukataza asichunwe wala asiliwe. Hufukiwa pamoja na ngozi yake katika shimo refu, na watoto hukatazwa kuchezea mahali pale. Maana huenda ni kimeta, na kimeta hakimwachi mwenye kukishika: humtokeza kidonda cheusi mkononi, na alaye nyama ile huweza kufa. Hayo wafugaji waliyajua tangu zamani, hapa na katika nchi nyingine. Lakini kwa nini malisho yale yale yaue ng'ombe mwingine baada ya miaka mingi, hali mzoga ulikwisha kuoza na mvua nyingi zimepita juu yake? Hilo hapana aliyelijua. Aliyelifumbua ni Robert Koch, naye alifundishwa na panya.

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, katika milima ya Harz, nchi ya Ujerumani, ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Baba yake alikuwa msimamizi katika kazi ya migodi, na watoto katika nyumba ile walikuwa 13. Tangu utoto wake Robert alipenda kukusanya wadudu na mawe na kuvitazama kwa kioo cha kukuza. Alisoma uganga katika chuo kikuu cha Göttingen, na mmoja wa walimu wake alikuwa Jacob Henle, ambaye tangu mwaka wa 1840 alikuwa amefundisha kwamba maradhi ya kuambukiza huletwa na viumbe hai vidogo mno. Wengi hawakusadiki, wala Henle hakuwa na njia ya kulithibitisha neno lake.

Mwaka wa 1867 Koch akamwoa Emmy Fraatz, wakapata binti mmoja. Akahama huku na huku akitafuta kazi, hata mwaka wa 1872 akawekwa kuwa mganga wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo umo katika nchi ya Poland. Hapo hapakuwa na maktaba kubwa wala mwalimu wa kumwuliza. Mchana aliwatibu wakulima, na katika chumba kile kile alicholaki wagonjwa alitenga pembe moja kwa pazia, akaweka hadubini yake. Inasimuliwa kwamba mkewe ndiye aliyempa zawadi ya hadubini ile. Kama ni kweli, basi zawadi hiyo ilizaa kuliko zawadi nyingi.

Katika wilaya ile kimeta kiliua kondoo na ng'ombe, na watu pia. Waganga waliotangulia walikuwa wameona katika damu ya mizoga vijiti vidogo sana, lakini hawakujua kama vijiti vile ndivyo viletavyo ugonjwa, au kama vinatokea tu kwa sababu ya ugonjwa, kama funza watokeavyo katika nyama iliyokwisha kuoza. Koch hakuwa na fedha ya kununua ng'ombe wa kujaribia. Basi akatwaa panya. Akachonga vijiti vya mti, akavitia motoni hata visiwe na uchafu, akavichovya katika damu ya mnyama aliyekufa kwa kimeta, akamkata panya kidogo penye shina la mkia na kukitia kijiti humo. Kesho yake panya alikuwa amekufa. Akampasua, akaona wengu umevimba, na damu imejaa vijiti vile vile. Akatwaa damu ya panya huyo akamtia wa pili, na ya wa pili akamtia wa tatu, akaendelea hivyo hata panya ishirini, na wa mwisho akafa sawasawa na wa kwanza.

Lakini Koch hakutosheka, na hapa ndipo naona ukuu wake. Alijua kwamba mtu aweza kusema: huenda kiuacho ni kitu kingine kilichomo katika damu. Kwa hiyo akavitoa vijiti vile nje ya damu, akavikuza katika maji safi ya jicho la ng'ombe, katika joto la mwili, akaketi kuvitazama. Akaviona vikirefuka kuwa nyuzi, kisha ndani ya nyuzi zikatokea punje ndogo zing'aazo kama shanga. Punje hizo ni kama mbegu: hukauka, huvumilia baridi na jua, hukaa udongoni miaka mingi, na zikiingia tena katika mnyama huota na kuwa vijiti. Akawachanja panya kwa mbegu hizo ambazo hazikupata kuwa katika damu kwa vizazi vingi, nao wakafa kwa kimeta. Hiyo ndiyo siri ya malisho yauayo, na ndiyo sababu mzoga wa kimeta haufai kupasuliwa na kumwaga damu juu ya majani.

Mwaka wa 1876 akasafiri kwenda Breslau kwa Profesa Ferdinand Cohn, akamwonyesha kazi yote kwa siku kadhaa, naye Cohn akaitangaza katika kitabu chake. Mganga wa shamba, asiyejulikana na mtu, akawa amethibitisha kwa mara ya kwanza kwamba kijidudu fulani ndicho kiletacho ugonjwa fulani.

Mwaka wa 1880 aliitwa Berlin na serikali. Huko akaugeukia ugonjwa ulioua watu kuliko vita, yaani kifua kikuu. Siku zile katika Ulaya ulihesabiwa kuua mtu mmoja kati ya kila saba. Wakuu wengi wa uganga walidhani ni ugonjwa wa ukoo au wa udhaifu wa mwili. Vijidudu vyake ni vigumu kuonekana, mpaka vitiwe rangi kwa ufundi, na vigumu kukuzwa, maana huota polepole: majuma mawili hupita kabla jicho halijaona kitu. Mtu mwepesi wa kukata tamaa angalikwisha kutupa vyombo vyake.

Mnyama aliyemsaidia hapa ni simbilisi, yule mdogo asiye na mkia ambaye katika nyanda za juu za kusini hufugwa majikoni, naye ni kitoweo cha watu wengi. Simbilisi ana tabia moja iliyomfaa Koch sana: akitiwa vijidudu vya kifua kikuu hata kidogo tu, huugua na kukonda na kufa, na ndani yake huonekana vinundu vile vile vionekanavyo katika mapafu ya watu. Koch akatwaa makohozi na nyama za wagonjwa, akakuza vijidudu peke yake, akawachanja simbilisi na sungura na wanyama wengine wengi, na wenzao akawaacha bila kuchanjwa ili awalinganishe. Tarehe 24 Machi 1882 jioni akasoma habari hizo mbele ya waganga wa Berlin. Alipokwisha, hapana aliyeinuka kumpinga wala kumwuliza. Siku hiyo ya 24 Machi hata leo ndiyo siku ya kifua kikuu duniani kote.

Kutoka katika kazi hii zikatokea kanuni zinazoitwa kwa jina lake: kijidudu kionekane katika kila mgonjwa, kikuzwe peke yake, kikitiwa katika mnyama mzima kilete ugonjwa ule ule, kisha kipatikane tena katika mnyama huyo. Msomaji ataona kwamba kanuni hizi zasimama juu ya mnyama. Pasipo mnyama awezaye kuugua kama mtu, ngazi imekatika katikati.

Nayo ilikatika upesi. Mwaka wa 1883 Koch alitumwa Misri, kisha Bara Hindi, kwa sababu ya kipindupindu. Mwaka wa 1884 katika mji wa Calcutta alikiona kijidudu chake, kimepinda kama alama ya mkato, katika matumbo ya waliokufa na katika maji ya birika walimochota watu. Lakini alipowalisha wanyama kijidudu hicho, panya aliowachukua kutoka Berlin na wengineo, hapana aliyeugua. Koch akatangaza hata hivyo kwamba ndicho kiletacho kipindupindu, naye alisema kweli. Ila kwa kanuni zake mwenyewe alikuwa amepungukiwa ushahidi, na adui zake hawakuacha kumkumbusha. Profesa Pettenkofer wa Munich, mwaka wa 1892, alikunywa vijidudu hivyo mbele ya watu ili kumwaibisha, akapata kuhara kidogo tu, akapona. Ukaidi wa wasomi nao ni ugonjwa.

Sasa twafika mahali pagumu, wala haifai kupaficha. Katika Agosti 1890, mbele ya mkutano mkuu wa waganga uliokusanyika Berlin, Koch alisema kwamba ameona dawa izuiayo kifua kikuu katika simbilisi. Dawa ile iliitwa tuberkulini, nayo ilikuwa maji yaliyotolewa katika vijidudu vyenyewe. Mara wagonjwa wakaja Berlin kutoka kila nchi, nyumba za wageni zikajaa watu wa kukohoa, na waganga wakagombania chupa za dawa. Koch hakutaka kueleza kwanza jinsi inavyotengenezwa.

Naye alikuwa amekwisha kuonywa na mwili wake mwenyewe. Alijichanja tuberkulini mkononi, akashikwa na homa kali na baridi na kupumua kwa shida. Katika maandiko yake aliandika kwamba simbilisi mzima huvumilia kipimo kikubwa bila kuonyesha dalili, na kwamba, kwa kulinganisha uzito wa mwili, sehemu moja katika 1,500 ya kipimo hicho yatosha kumtikisa mtu. Basi alijua kwamba katika jambo hili mtu si simbilisi. Hata hivyo dawa ikaendelea kutolewa. Wagonjwa wengine wakazidiwa, wengine wakafa, na mapema mwaka wa 1891 Profesa Virchow, aliyepasua maiti zao, akaonyesha kwamba ndani yao ugonjwa haukuzuiwa, bali mahali pengine umetawanyika. Tuberkulini ikabaki kuwa kitu cha kupimia tu: hata leo hutiwa chini ya ngozi ya mtu au ya ng'ombe, na uvimbe ukitokea ni dalili kwamba vijidudu viliwahi kuingia mwilini.

Watu waliofuata maisha ya Koch hubishana kama alidanganyika au alikuwa na haraka ya sifa. Mimi nadhani aliyeyashinda mashaka ya dunia nzima mara mbili kwa uvumilivu hakuyasikiliza mashaka yake mwenyewe mara ya tatu.

Mwaka wa 1896 aliitwa Afrika ya Kusini kwa sababu ya sotoka, tauni ya ng'ombe iliyokwisha kuteketeza mifugo ya Afrika Mashariki na kuwaacha watu na njaa. Kutoka huko akaenda Bombay penye tauni ya watu, na mwaka wa 1897 akafika Dar es Salaam, akakaa hata mwaka wa 1898 akichunguza malaria na maradhi ya ng'ombe. Siku zile pia alitambua kwamba ugonjwa uliokuwa ukiwaua watu wa Kiziba, karibu na Bukoba, ni tauni hasa.

Alirudi kwetu mwaka wa 1905, na safari hii yafaa tuikalie kidogo. Wapagazi na wasafiri katika njia ya misafara, kutoka pwani kupita Morogoro kwenda bara, walishikwa na homa iliyowaacha siku chache kisha ikawarudia tena na tena. Wenyeji walisema ni homa ya papasi, kwa kuwa papasi walijaa katika udongo mkavu wa vibanda vya kulala wasafiri. Wazungu wengi waliyahesabu maneno hayo kuwa hadithi. Koch hakuyadharau. Akafukua udongo wa vibanda, akakusanya papasi, akawapasua, akakuta ndani yao vijidudu vilivyopinda kama uzi uliosokotwa, vile vile vya damu ya wagonjwa. Tena akaona vijidudu hivyo katika mayai yao. Akayaacha mayai yaanguliwe, akawatwaa papasi wachanga ambao hawajapata kumwuma mtu, akawaachia wawaume kima. Kima wakaugua homa ile. Hivyo ikajulikana kwamba mama papasi huwarithisha wanawe ugonjwa, na kwamba kibanda chaweza kukaa bila mtu siku nyingi na bado kikawa na hatari. Akawashauri wasafiri wapige hema mbali na vibanda vya zamani. Aliona pia kwamba watu wakaao penye papasi tangu utoto hawaugui sana kama wageni.

Si yeye peke yake aliyeijua habari hiyo. Uganda waganga wengine walikuwa wameandika mwaka wa 1904 kwamba papasi huiambukiza homa hiyo, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kongo, waganga wawili, Dutton na Todd, walikuwa wakifanya majaribio kama yake kwa kima katika miezi ile ile. Dutton mwenyewe alishikwa na homa ya papasi, akafa Kasongo tarehe 27 Februari 1905, naye ni kijana wa miaka 28. Mwisho wa mwaka huo huo Koch alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Mwaka wa 1906 alikwenda katika visiwa vya Sese, katika ziwa la Viktoria. Malale yalikuwa yameua watu zaidi ya 200,000 pande za Uganda kwa miaka michache. David Bruce alikuwa amekwisha kuonyesha Entebbe, mwaka wa 1903, kwamba mbung'o akimwuma mgonjwa kisha akimwuma kima, kima huugua malale. Tena Liverpool, mwaka wa 1905, Thomas na Breinl walikuwa wameona kwamba dawa iitwayo atoksili, yenye sumu ya aseniki, huondoa vijidudu hivyo katika damu ya wanyama. Koch akaleta dawa hiyo Sese, akajenga kambi katika kisiwa cha Bugala, na wagonjwa wakamjia kwa mamia. Mwanzoni ilikuwa kama muujiza: waliobebwa machelani wakasimama. Lakini vijidudu vilirudi, naye Koch akaongeza kipimo. Kipimo kikubwa kikaharibu mishipa ya macho, na watu zaidi ya 20 wakapofuka wasipone tena. Akarudi kwenye kipimo kidogo. Wagonjwa wale walikuja kutafuta uzima, hawakuja kuwa mizani ya kipimo. Na haitoshi kusema kwamba wangalikufa hata hivyo. Baadaye kambi za namna hiyo zikajengwa na serikali ya Kijerumani kando ya ziwa la Viktoria na kando ya Ziwa Tanganyika.

Kosa jingine lake lahusu maziwa. Mwaka wa 1901 huko London alisema kwamba kifua kikuu cha ng'ombe si hatari kubwa kwa mtu. Aliwajaribu ndama kwa vijidudu vya watu, wasiugue, akaona yatosha kuigeuza habari: basi na vya ng'ombe havitamdhuru mtu. Lakini njia ya kwenda si lazima iwe njia ya kurudi. Waingereza waliunda tume iliyochunguza miaka kumi kwa wanyama wa namna nyingi, na mwaka wa 1911 ikathibitisha kwamba maziwa ya ng'ombe mgonjwa huwaua watoto. Ndiyo maana mama wa Mpui huambiwa achemshe maziwa.

Koch hakuisikia hukumu hiyo. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 27 Mei 1910 katika mji wa Baden-Baden, naye ana miaka 66, na majivu yake yamewekwa Berlin katika chuo kiitwacho kwa jina lake.

Mwaka ule ule wa kufa kwake, Stephens na Fantham wa Liverpool walitia katika panya damu ya mtu aliyeugulia malale katika bonde la Luangwa, kusini ya Ufipa yetu. Malale ya Uganda huwa mapole katika panya. Haya yaliwaua upesi, na kijidudu chake kilikuwa na umbo ambalo halikuonekana katika damu ya mtu. Hivyo ikajulikana kwamba kuna malale ya pili, makali kuliko ya kwanza, nayo ndiyo ya mapori ya pande zetu. Kisha huko Tinde, karibu na Shinyanga, tangu mwaka wa 1934 waganga walikihifadhi kijidudu hicho kwa kondoo na mbung'o, kondoo hata kondoo, kwa zaidi ya miaka 18, nacho hakikupoteza nguvu ya kumwambukiza mtu. Watu wenye kuuliza kwa nini ugonjwa warudi katika pori lisilokaliwa na mtu walipata jibu hapo.

Kifua kikuu nacho kilipata dawa kwa njia ya simbilisi yule yule. Mwaka wa 1944 katika Marekani simbilisi waliotiwa vijidudu vyake walipewa streptomaisini wakapona, na safari hii waganga walianza kwa wagonjwa wachache, wakiandika kila dalili, kabla ya kuitangaza. Na chanjo wapewayo watoto wetu begani wakizaliwa, ile ya BCG, Calmette na Guérin waliitengeneza kwa kijidudu cha ng'ombe, wakikihamisha mara 230 kwa miaka 13 hata kikakosa nguvu ya kuwaua simbilisi na ndama. Mtoto wa kwanza aliipata mwaka wa 1921.

Kipindupindu kilichelewa kuliko vyote. Mwaka wa 1959, miaka 75 baada ya Koch kukiona kijidudu chake, Mhindi aitwaye S. N. De alifunga kipande cha utumbo wa sungura hai kwa uzi, akatia ndani maji yaliyochujwa vijidudu vyote, ikabaki sumu yao tu. Kipande kile kikajaa maji kama matumbo ya mgonjwa. Mnyama aliyemkosa Koch alikuwa amepatikana, tena katika mji ule ule wa Calcutta.